Jina la Mtoto wa Kwanza

Mjini Tunduma ni watu wachache waliojua kwamba kuna mwanamke anaitwa Ferista Nzunda, lakini Mama Goodness walimjua wote. Wabadilisha fedha wa mpakani walimjua, mama lishe walimjua, na madereva wa malori ya shaba walimjua kupita wote, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akiwaandikia ruhusa ya kutoka kwenye yadi ya Bugalama, wakala wa forodha. Dereva Ngassa, mtu wa Shinyanga mwenye masihara mengi, alikuwa amehifadhi namba yake kwa jina la "Dada Mama Goodness". Ujumbe wa mwisho aliousoma duniani ulitoka kwenye mfumo wa kampuni ukiwa na jina la Mama Goodness chini yake. Ulimtaka atoke yadi jioni ileile, asingoje msafara wa askari, shaba aipeleke kwenye ghala jipya la Mlowo. Akawasha gari akaenda. Asubuhi wachoma mkaa wakamkuta korongoni chini ya barabara kuu, amekufa, na tela lake tupu.

Ndiyo maana Mama Goodness alikuwa mahabusu, na kesho yake angepelekwa mahakamani Vwawa kwa kula njama ya mauaji, kosa ambalo halina dhamana. Inspekta Loisi Simbeye, mpelelezi aliyeletwa kutoka Mbeya kwa ajili ya kesi hiyo, alibakiwa na siku moja ya kujiridhisha. Mkuu wake alikuwa amejiridhisha zamani.

Asubuhi hiyo Loisi alikuwa ofisini kwa Bugalama, amekaa kando ya kijana mmoja mwembamba aitwaye Wilbard, fundi wa mitandao ya kompyuta. Huyu ndiye aliyejenga kitu ambacho kwa lugha ya kitaalamu kina jina refu la kuchosha ulimi, lakini ofisi nzima walikiita lango. Kabla ya lango, karani akitaka kuruhusu gari ilibidi awe amekaa palepale ofisini. Baada ya lango, karani aliweza kuingia kwenye kompyuta kuu ya kampuni akiwa nyumbani kwake, au akiwa ng'ambo Nakonde, mahali popote penye modemu na chaji.

"Lango linauliza maswali mawili tu, afande," Wilbard alisema. "La kwanza, wewe ni nani. La pili, umekuja na nini. Ukilijibu la kwanza vizuri na la pili vibaya, unabaki nje."

Loisi alimtaka aeleze hilo la pili kwa Kiswahili cha mtu aliyesoma sheria. Wilbard akaeleza kwamba kompyuta yoyote inayopiga hodi kutoka nje, lango huikagua kwanza mwili mzima. Lina orodha ya mambo linayoyatafuta. Kama kompyuta haina antivirasi, au inayo lakini imelala, au ina programu za hatari, inakataliwa hata kama mwenyewe ni tajiri wa kampuni. Na kila linachokiona, lango linakiweka kwenye kumbukumbu zake.

"Nionyeshe jioni ya Ngassa," Loisi alisema.

Wilbard akageuza kioo cha kompyuta. Jioni ile mtu alikuwa amekuja kwa jina la Ferista Nzunda akidai amesahau neno lake la siri. Lango likamuuliza lile swali la akiba ambalo kila mfanyakazi huliwekea jibu lake siku ya kuandikishwa. Akalijibu kwa mara ya kwanza tu, bila kukosea, akaruhusiwa kuweka neno jipya. Hapo lango likaikagua kompyuta yake na kumkatalia, haina antivirasi. Mtu huyo akatoweka, akarudi baadaye akiwa ameshaipakua ile ya bure, ya majaribio. Lango likamfungulia.

"Mwizi mtiifu," Loisi alisema. "Na kompyuta yenyewe ni ya nani?"

Hilo Wilbard hakulijua. Haikuwa ya Ferista, kwa maana laptopu ya Ferista ilikuwa kwenye kabati la ofisi, imefungiwa. Lango lilikuwa likipokea kompyuta yoyote ile ilimradi ni safi, kwa kuwa tajiri hakutaka kumnunulia kila karani ya kwake. Wilbard aliyasema haya kwa sauti ya chini, na Loisi akamwona kijana anavyoumia. Ngassa alikuwa akimletea samaki wakavu kila alipopita Kapiri, kule Zambia.

"Swali lenyewe lilikuwa lipi?"

Wilbard akainamisha kichwa. "Jina la mtoto wako wa kwanza."

Loisi akamtazama kijana, akakitazama kioo, na kama si msiba angecheka. Waliotengeneza programu ile walikuwa wanaishi huko kwao ambako mwanamke huitwa kwa jina lake mwenyewe, na mtoto wake ni habari ya ndani. Hapa mwanamke akishazaa, jina la mtoto ndilo linalotangulia mbele yake. Anaitwa nalo sokoni, kanisani, zahanati, hata na watu wanaomdai. Kumwekea Mama Goodness swali kama hilo ilikuwa ni sawa na kufunga mlango na kuuning'iniza ufunguo kwenye kitasa.

Kwa mara ya kwanza tangu afike Tunduma, Loisi alipata nguvu. Kama mji mzima ulilijua jibu, basi mji mzima ungeweza kuingia. Hakimu gani angemfunga mwanamke kwa siri inayopigiwa kelele barabarani? Alishaanza kufunga mkoba wake aliposikia kiti kinavutwa nyuma yake.

Alikuwa Kabula, karani wa meza ya pili, binti aliyekuwa amekaa kimya tangu asubuhi akijifanya anapanga risiti. Macho yalikuwa yamemwiva. Alisema ana jambo, na kwamba akifukuzwa kazi basi afukuzwe. Mwezi uliopita Mama Goodness aliugua, na gari mbili zilikuwa zinasubiri ruhusa yake. Kabula hakutaka mwenzake agombezwe. Akaingia kwa jina la mwenzake huyo, akadai amesahau neno la siri, swali likaja, naye akaandika Goodness.

"Likakataa, afande. Nikaandika kwa herufi kubwa, likakataa. Nikaandika kwa herufi ndogo, likakataa. Nikaogopa, nikaacha."

Wilbard akarudi kwenye kumbukumbu akapekua, akaliona. Jaribio la kwanza, kosa. La pili, kosa. La tatu, kosa. Kompyuta ya Kabula mwenyewe, hapohapo ofisini.

Loisi akakaa tena. Jibu halikuwa Goodness. Kesi iliyokuwa imeanza kufunguka ilijifunga mbele ya macho yake, tena kwa makomeo mawili. Kama mji mzima haukulijua jibu, basi aliyelijua ni mwenyewe aliyeliweka. Mkuu wake angefurahi.

"Unaweza kulisoma jibu lenyewe?"

"Hata mimi siwezi, afande. Limefungwa." Wilbard akaongeza: "Hilo ndilo nililolifanya vizuri."

Kabla hajaondoka Loisi aliuliza lango liliona nini kingine kwenye ile kompyuta ngeni. Wilbard akasoma orodha, na alipofika katikati akapunguza mwendo. Kulikuwa na programu za kufungulia simu zilizofungwa na mitandao, za kubadilisha lugha ya simu za Kichina, za kufuta namba za siri. Vitu vya mafundi simu, alisema. Loisi akauliza Tunduma kuna mafundi simu wangapi. Wilbard akamjibu kwamba atoke nje ahesabu miavuli yao kuanzia stendi mpaka mpakani.

*

Chumba cha mahojiano kituoni kilikuwa na meza moja na dirisha lililotazama kaunta. Mama Goodness aliletwa bila viatu, kama utaratibu wa mahabusu ulivyo, akakaa na kuificha miguu yake chini ya kiti. Wiki nzima alikuwa amesema jambo moja tu, kwamba si yeye, na kila alipoulizwa nani mwingine angeweza kuingia kwa jina lake alinyamaza. Kunyamaza huko ndiko kulikomponza.

"Mama Goodness," Loisi alisema, "jibu lako si Goodness."

Mwanamke yule akageukia dirishani. Kule kaunta alikuwa amesimama mume wake, Shadrack, ameshika hotipoti iliyofungwa kwa kitambaa.

"Mume wangu anasikia?"

"Hasikii. Ameleta chakula."

Kisha Ferista akaanza kusimulia kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la mtu mwingine, na Loisi akaweka kalamu chini, kwa kuwa kuna mambo ambayo ukiyaandika yanaposemwa hayasemwi tena. Alikuwa kidato cha pili, nyumbani kwao Igamba. Alipata mimba. Akazaa mtoto wa kiume, na mama yake ndiye aliyempa jina, Lusubilo, maana yake tumaini. Mtoto hakufika hata kukaa mwenyewe, homa ikamchukua. Mama yake akamzika nyuma ya nyumba, pembeni ya mibuni, bila matanga. Baba yake akatoa amri kwamba jina lile lisitajwe tena kwenye mji wake, na Ferista akapelekwa kwa shangazi yake Mbeya akaanze maisha upya. Huko ndiko Shadrack alikomkuta, msichana asiye na historia. Angeanzia wapi kumwambia?

"Siku ile Wilbard alituweka mbele ya mashine kutuandikisha," alisema, "ikaniuliza jina la mtoto wangu wa kwanza. Afande, tangu afe hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Mashine ndiyo ikaniuliza. Nikaliandika."

Akalia, na Loisi akamwacha alie. Mpelelezi huyu hakuwa mtu wa machozi, kazi yake haimruhusu, lakini alilazimika kutazama ukutani kwa muda.

Halafu akauliza alichopaswa kuuliza. Nani mwingine anayelijua jina hilo?

"Mimi na mama. Baba alishafariki."

"Una ndugu?"

Ferista akafungua mdomo kujibu, kisha kitu kikampita usoni. Loisi alikiona vizuri, ni kile cha mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.

"Nina mdogo wangu mmoja," alisema taratibu. "Danford. Yeye alikuwa hajazaliwa."

"Anafanya kazi gani?"

Kule kaunta Shadrack alikuwa akibembeleza aruhusiwe japo kumpa mkewe sweta.

"Andika ni mimi," Ferista alisema.

"Wiki nzima umekataa."

"Sasa nakubali. Andika ni mimi, afande, nitaweka sahihi."

Loisi akaiokota kalamu, akaifunika, akaitia mfukoni. Akamwita askari, akaagiza sweta lipokelewe.

*

Kutoka Mlowo Loisi alichukua bodaboda hadi Igamba. Ulikuwa msimu wa kahawa, na kila uwanja aliopita ulikuwa na vichanja vilivyotandikwa buni zinazokauka. Alipouliza nyumba ya kina Nzunda alielekezwa kwa Mama Ferista. Kumbe huku juu jina lile ambalo Tunduma hawalijui ndilo lililokuwa limembeba mama mtu miaka yote.

Bibi alikuwa kwenye kichanja anachambua buni mbovu. Loisi akapiga goti kidogo akaamkia, akaitikiwa, akapewa kigoda. Alikuwa mzaliwa wa Msangano, na Kinyiha, lugha ya Igamba, alikisikia nusunusu, kwa hiyo waliongea Kiswahili, bibi akichomeka maneno yake pale Kiswahili kilipompungukia. Loisi alisema wazi kwamba ametoka polisi Tunduma. Mkono wa bibi ukasimama juu ya buni. Shadrack alikuwa amemficha mkwewe habari zote kwa sababu ya presha yake, hivyo Loisi akajikuta ndiye anayezileta. Alimweleza kwamba Ferista amewekwa ndani kwa kosa la kazini, kwamba mtu amekufa, na kwamba yeye haamini ni Ferista.

"Mwanangu hawezi kuua mtu."

"Ndiyo maana nimekuja, mama. Nataka kukuuliza habari za Lusubilo."

Alitegemea mama yule ashtuke, au akatae. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alimtazama mgeni wake kana kwamba amesikia habari za mtu anayerudi safari, kisha akainuka, akajifunga kanga vizuri, akamwambia amfuate.

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, dogo la kutosha kurukwa na mbuzi. Lilikuwa limejengewa upya kwa saruji na kupakwa chokaa, na msalaba wake ulikuwa na jina lililochorwa kwa herufi za kuvutia. Loisi alikagua kazi ile kwa jicho lake la kipolisi. Haikuwa ya kulipua. Kingo zilikuwa zimenyooka na saruji haikuibiwa.

"Ni Danford," bibi alisema. "Kitinda mimba wangu. Alikuja mwezi uliopita akaniambia, mama, yule mtoto wa dada aliyelala hapa aliitwa nani, nataka nimjengee tuliandike jina lake. Nililia siku hiyo. Nilidhani nitakufa nalo mwenyewe jina hilo."

"Alijuaje kama kuna mtoto hapa?"

"Tangu mdogo nilikuwa namkataza kucheza hapa. Alipopata akili nikamwambia ni mtoto wa dada yake, lakini jina sikumpa, baba yake alikuwa bado hai." Akainama akang'oa jani lililoota penye ufa. "Anasema siku moja alikuwa kwa dada yake, anamtengenezea kompyuta. Dada akasahau neno la kuingilia, mashine ikauliza habari za mtoto wa kwanza, dada yake akamtoa sebuleni. Ndipo akajua kwamba bado inamuuma. Ana huruma sana huyu mtoto wangu."

Loisi akaiacha ile saruji akamgeukia.

"Anatengeneza kompyuta?"

"Simu zaidi. Ana meza yake na mwavuli pale mpakani, watu wa Nakonde wote wanampelekea yeye." Bibi alitabasamu, akijivunia.

Hapo hapakubaki cha kupekua. Aliyekuja na programu za fundi simu, aliyeliona swali likiulizwa, na aliyesafiri kuja kulitafuta jibu, wote walikuwa mtu mmoja. Loisi alijiuliza kama Danford alijenga kaburi ili apate jina, au alipata jina ndipo roho ikamsuta akajenga. Hakupata jibu, na hakuwa na hakika kwamba Danford mwenyewe analo.

Walirudi uwanjani. Loisi akatoa karatasi za maelezo akaandika kila alichoambiwa, kwa mpangilio, kisha akamsomea. Sheria inataka shahidi asomewe, aelewe, ndipo atie sahihi au dole gumba. Haisemi uanzie wapi pale shahidi anapokuwa mama. Loisi angeweza kusoma kwa haraka na kumpa wino. Bibi alimwamini, angebonyeza. Badala yake alimweleza taratibu. Alimwambia kuhusu lango na swali lake, kuhusu jibu lililoandikwa jioni ile, kuhusu dereva aliyeupokea ujumbe akauamini. Alimwambia kwamba waliomuua Ngassa ni watu wengine na atawatafuta, lakini mlango waliupata kwa Danford.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Machozi yalikuwa yanamtoka wala hayafuti.

"Huyo dereva, mama yake yupo?"

"Yupo. Shinyanga."

"Ameshazika?"

"Ameshazika."

Akatikisa kichwa. Kisha akauliza kwa sauti ileile, "Nikiweka dole hapo, yupi anarudi nyumbani?"

"Ferista."

"Na nisipoweka?"

Loisi hakutaka kumdanganya. Alimwambia kwamba kompyuta ya Danford peke yake haitoshi, atasema alimwazimisha dada yake. Na Ferista ameshaomba aandikwe kwamba ni yeye. Alikuwa amekwisha kujua ni mdogo wake, akaamua kuubeba mzigo huo.

"Ferista amesema hivyo?"

"Leo mchana, mama."

Bibi akashika kifua. Jirani mmoja aliyepita njiani akamsalimia kwa jina la binti yake, Mama Ferista, naye akaitika kwa adabu kama siku zote. Halafu akanyoosha mkono wa kushoto. Loisi akamshika dole gumba, likiwa gumu kwa kazi, akalipaka wino, akaliweka mahali pake na kulibonyeza. Loisi akaipepea karatasi ikauke, akaikunja, na alipokuwa anaitia mkobani bibi akamshika kiganja.

"Mkimkamata Danford, mwambie ni mimi niliyesema. Umtajie jina langu. Asije akadhani ni dada yake."

Loisi akasema atamwambia. Bibi akamshukuru, akaufuta wino kwenye pindo la kanga, akarudi kwenye kichanja kuanua buni, kwa kuwa umande wa Igamba huwahi kushuka.